Meza Iliyopotea Mbele ya Mwenyewe

Shauri Namba 41 la Baraza la Kata: Kuhusu Kupotea kwa Meza Moja ya Kulia Chakula Mbele ya Macho ya Mwenyewe.

Mlalamikaji alikuwa Mwinshehe, muuza samani, mtu wa kilo mia na ushee. Mlangoni pake kulikuwa na bango: "Meza yoyote humu, elfu themanini. Ikivunjika, shauri yako."

Bi Sikudhani aliingia na elfu themanini aliyoiweka mwaka mzima. Wanawe watano walikwisha kuvunja meza mbili kwa kucheza ngoma juu yake. Ya tatu ikivunjika, wangekula chakula mkekani.

"Kaka Mwinshehe, ipi imara?"

"Zote, dada. Mninga mtupu!"

"Na bei ni moja?"

"Kwa yoyote iliyomo humu. Bango husomi?"

Sikudhani akatazama juu. "Sasa nitachaguaje gizani? Taa yako mara inawaka, mara inazima. Hebu ikaze kidogo, nione."

Mwinshehe akaguna. Akazipita meza sita zinazong'aa vanishi, akaburuta kutoka nyuma ya kaunta meza chakavu aliyokuwa akilia ubwabwa kila mchana, akaipanda, akakaza taa. Meza haikutikisika.

"Shuka taratibu, kaka," alisema Sikudhani, akimnyooshea noti zake. "Nimechagua hiyo."

"Hiyo? Hiyo yangu mwenyewe!"

"Imo humu, haimo?"

Wateja wawili waliokuwa mlangoni wakamsomea bango kwa sauti.

Baraza liliamua: Meza haikupotea. Mwinshehe aliiuza, kwa bei ya bango lake.