Kidari cha Mbuzi na Taa ya Tairi

Sogeeni, na mwenye mdomo wa kubisha aje nao, leo utapata kazi. Kisa hiki kimeshawashinda mwanasheria mmoja na wachungaji wawili, tena wachungaji wa kweli, wenye kola.

Huko Machame walikuwepo watu watatu wenye vipaji vyao. Mama Aikande aliuza spea za magari yaliyokufa. Mtajie kidude chochote, atakwambia kimelala kwa nani na chini ya gunia gani. Kisamo alikuwa fundi pancha; alivua tairi kwenye ringi kama anamenya ndizi. Na Haruni alikuwa na mashine ya kupimia magari. Gari lililomnunia kila fundi, kwake lilisema lenyewe linaumwa wapi.

Sasa, mzee Eliufoo alikuwa na gari la kutoka Japani na binti mmoja, Ndeshi. Wote alijivunia, ingawa gari ndilo alilolisifu zaidi. Tangu Ndeshi akiwa mgongoni kwa mama yake, mzee aliapa kwamba siku ya harusi atampeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe. Wiki ya harusi ikafika, na kwenye dashibodi ilikuwa ikiwaka taa ya njano yenye alama ya tairi. Mzee alikuwa ameibandika utepe mweusi. Ndeshi akaubandua.

"Baba, siingii na gauni jeupe kwenye gari linalolilia msaada."

"Hiyo taa ni urembo tu, mama. Inawaka siku zote na tunafika."

"Basi nitapanda la mjomba Kinyaiya."

Eh! Kinyaiya alikuwa shemeji yake Eliufoo, mwenye gari jipya na maneno mengi kuliko gari. Akimshusha yeye bibi harusi mlangoni pa kanisa, mzee ataisikia habari hiyo kila Krismasi mpaka azikwe. Akaenda kilabuni, akasimama katikati ya wanywa mbege: "Atakayeizima taa yangu, kidari cha mbuzi wa harusi ni chake!"

Watu wakashusha vibuyu. Kidari kwa Wachaga ni nyama ya heshima, hapewi kila mwenye meno. Na mbuzi anacho kimoja.

Haruni akatoka nje, akachomeka mashine yake kwenye gari. "Meku, mzee wetu, gari linatafuta sensa, vile vidude vinavyokaa ndani ya tairi kulipasha habari za upepo. Halisikii hata kimoja. Lete vingine, mimi nitalitambulisha."

Mama Aikande akafumba macho kidogo. "Kuna gari la aina hii liliangukia mtoni. Magurudumu yake tumeyakalia hapahapa." Akawainua walevi wanne, akaviviringisha viti vyao mpaka barabarani. Matairi yalikuwa yamekwisha kwa kukaliwa, lakini Haruni akayapitishia mashine, akacheka: ndani sensa zilikuwa hai zote.

Kisamo akavua tairi la kwanza, akachungulia, akapiga paja. "Ala! Kumbe ni hivi!"

"Hivi vipi?" mzee akauliza.

"Vidude hivi, Meku. Kila ulipokuja na pancha nilivikuta kwenye gari lako. Nikasema Wajapani wamesahau uchafu wao humu. Nikakusafishia vyote, na wala sikukudai!"

Eliufoo akainua spana ya magurudumu. Akamtazama Kisamo kichwani. Kisha akakumbuka kwamba harusi ni Jumamosi, na kwamba mkono mwingine wowote ungevunja sensa hizo wakati wa kuzihamisha. Akaishusha spana polepole, akasema, "Endelea, mwanangu."

Kisamo akahamisha sensa zote bila kukwaruza hata moja. Haruni akalitambulisha gari kwa kila moja. Taa ikazimika, na mzee akaibusu dashibodi.

Jumamosi Ndeshi akapanda, gauni limejaa kiti chote. Mzee akawasha gari. Taa ikawaka.

"Hahaa!" Kinyaiya akafungua mlango wa gari lake. "Njoo huku, mjomba, kwenye gari lenye afya."

Haruni akarukia mashine. "Tairi la nyuma, kushoto!" Kisamo akapiga magoti na suti yake: msumari, mrefu kama dhambi. Mama Aikande akatoa kwenye mkoba wa sherehe kipande cha kuzibia, maana mkoba wake haujawahi kubeba poda. Tairi likazibwa, likajazwa upepo, taa ikatulia, na Eliufoo akamshusha binti yake kanisani huku shemeji akila vumbi nyuma.

Jioni mbuzi akaletwa. Mzee akashika kisu.

"Bila mimi mngekuwa mnaipulizia taa kama mshumaa," akasema Haruni.

"Na mashine yako ingetambulisha nini? Walevi?" akasema Mama Aikande.

"Mikono ni yangu, mara mbili," akasema Kisamo.

"Wewe ndiye uliyeziiba!" wakamrukia wote.

"Nisingezitoa, leo mngeitiwa kidari cha nini?"

Mzee akatweta. Akikikata vipande vitatu, si kidari tena, ni nyama tu. Mafuta yanaganda, wakwe wanatazama, na Kinyaiya ameshaanza kusogea na sahani yake: "Shemeji, kama umekosa wa kumpa..."

Haya, kisu hicho, kishikeni nyinyi. Aliyesikia ugonjwa, aliyejua dawa ilipo, au aliyetibu alichokiharibu mwenyewe? Wewe ungempa nani? Sema upesi, Kinyaiya anafika.