Kilemba Kimoja, Vichwa Vinne

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana Liwali alikwisha kuwapo na muhuri wake pia, palikuwa na mji uitwao Shangamoyo, mlima mgongoni, mto miguuni. Na katika mji huo palikuwa na nyumba moja isiyokaa nyumbani.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa Bi Tausi, mpanda majabali. Akisikia kuna pango halijaingiwa na mtu, chakula hakimpiti kooni mpaka aliingie. Mumewe alikuwa Bwana Shomari, mpiga mbizi, mtu wa maneno machache na sufuria kubwa. Binti yao alikuwa Kidawa, aliyevuka nyika peke yake akarudi na kovu na mbuzi, asieleze kimoja wala kingine. Chui akiingia mjini, waliitwa wao. Mtoto akitumbukia kisimani, waliitwa wao. Liwali akipoteza ufunguo wa sanduku la muhuri, waliitwa wao, tena kwa matarishi wawili.

Nyumba ya mashujaa haikosi adui. Adui wao alikuwa Mfaume wa mlimani, aliyejiita Mfaume Mwangamizi, na watu wakamwita hivyo hivyo, kwani jina la mtu ni mali yake. Mfaume alikuwa na joho jeusi, kicheko alichokifanyia mazoezi, na nia ya kuitawala dunia kuanzia Shangamoyo. Alichokosa ni bahati na vipimo.

Alichimba handaki la kwendea hazina ya Liwali, akaibukia jikoni kwa Bi Tausi, katikati ya mafiga. Akashindwa, akaokolewa, akanyweshwa uji, akaondoka akiapa.

Alifuga nyuki wa kuutisha mji, nyuki wakamtisha yeye mpaka mtoni, Shomari akamvua kama kambare. Akashindwa, akaokolewa, akanyweshwa uji, akaondoka akiapa.

Aliunda mzinga wa kuvunjia ngome. Mzinga ukaenda nyuma badala ya mbele, ukamtupa juu ya paa la msikiti, Kidawa akamshusha kwa kamba. Akashindwa, akaokolewa, akanyweshwa uji, na safari hiyo akaomba na ndimu.

"Leo mmeponea chupuchupu," husema kila mara, akirudisha bakuli. "Nitawaangamizeni."

"Mungu akipenda," hujibu Bi Tausi. "Lakini lete kwanza hilo joho nikushonee, limechanika kwapani."

Mgeni angestaajabu. Mwenyeji hastaajabu. Watu wa mlimani na watu wa mtoni walikuwa watani. Mababu zao walipigana, wakachoka, wakapatana kwa sharti hili: tangu siku hiyo wataibiana, watatukanana na watazikana, na wala hapana wa kununa. Mama yake Bi Tausi alipofariki, Bi Tausi alikauka, hakulia wala hakusema. Ni Mfaume aliyeshuka kaburini, akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Waombolezaji wakacheka. Bi Tausi naye akacheka, na kicheko kikafungua kilio, na kilio kikamrudishia pumzi. Tangu hapo hakumwona Mfaume kama walivyomwona wengine. Na watu wa mlimani walikuwa wamehama mmoja mmoja. Mtani aliyebaki wa nyumba yake alikuwa huyo huyo.

Akaja Liwali mpya, Bwana Ghanim, kutoka mji usiojua utani. Alikuwa mtu mwema, msomi, mwenye kuamini kwamba neno lisilopigwa muhuri halijasemwa. Siku ya kwanza alipotembelea soko alimkuta Mfaume amesimama juu ya gunia la mtama, akitangaza kuwa atauiba mto, na Shangamoyo nzima itampigia magoti ikiomba maji ya kunawa. Watu wakacheka. Bi Tausi akamtupia ganda la ndizi, akamwambia kabla ya kuiba mto aibe sabuni. Liwali hakucheka. Alirudi ofisini, akaitisha kikao cha dharura, akawa mwenyekiti, akawa katibu pia, na hoja ikapita bila mpinzani. Ikatoka amri: Mfaume ni adui wa mji, mwezi ukiandama awe ametoka Shangamoyo, asirudi maisha yake yote.

Bi Tausi akaenda kueleza. Alieleza tangu vita vya mababu, akaeleza utani, akaeleza hata kuku wa kaburini. Liwali alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia kahawa, akauliza utani huo ulipitishwa na baraza lipi. Amri iliyopigwa muhuri, alisema, haitenguliwi hata na aliyeipiga. Juu ya muhuri kuna kitu kimoja tu, nacho ni kilemba cha mji. Kilemba hicho cheupe hutolewa kwa aliyeuokoa mji, na mwenye kukivaa hafukuzwi, hafungwi, na ana kiti chake barazani mpaka kufa. Lakini Mfaume na kuokoa mji, alisema Liwali, ni paka na kuoga.

Bi Tausi alirudi nyumbani, hakula.

"Nikifa," alimwambia mumewe, "nani ataiiba sanda yangu watu wacheke?"

Shomari alikoroga sufuria yake.

Basi Mfaume alipopata amri, hakulia mbele ya mtu. Aliharakisha kazi. Alikuwa amechimba mfereji tangu kiangazi, kutoka kwenye kona ya mto juu ya mji, ili ayapeleke maji yote shambani kwake. Mdomo wa mfereji aliuziba kwa lango la magogo, alifungue siku ya ushindi. Mteremko aliupima kwa jicho. Kwa hiyo mfereji ulilipita shamba lake kwa mbali, ukageuka, ukaishia Bonde la Fisi, ambako hapana shamba, hapana mtu, kuna fisi. Mji mzima ulijua isipokuwa yeye, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Masika ikaja na hasira. Asubuhi moja Bi Tausi na Kidawa walikuwa juu ya mlima, wakaona kingo za ziwa la juu zikimeguka kama mkate. Ziwa zima lilikuwa linakuja. Kidawa akasema kitu pekee cha kuyageuza maji hayo ni mfereji wa Ami Mfaume. Yeye atakimbilia lango alivunje, na mama akimbilie ngoma ya tahadhari iliyoko jabalini juu ya mfereji, awatoe watu majumbani. Mama akakubali. Wakaachana mbio.

Kidawa alifika langoni na shoka. Akatazama ndani ya mfereji. Mfaume alikuwemo, amevaa joho lake, ameupa mgongo mlima na dunia, anafanya mazoezi ya hotuba ya ushindi. Kidawa akamwita. Akamwita tena. Ngurumo ya maji ilikuwa imeshika mlima wote, na Mfaume, aliyeisikia kwa nyuma, akadhani umati wa fikra zake unampigia makofi, akainama kushukuru.

Kidawa akatazama chini. Kule mjini moshi wa vitumbua ulikuwa unapanda. Akainua shoka, akalivunja lango.

Bi Tausi alikuwa ameikaribia ngoma, mkono umekwisha kunyooka kuchukua kigongo, alipolisikia lango. Akageuka. Akaliona joho jeusi limepinduka juu ya maji kama kunguru aliyelewa. Ngoma ilikuwa hapa, mtani wake alikuwa pale. Akaiacha ngoma. Akafunga kamba kwenye jabali, akajitupa.

Sasa kila alichojenga Mfaume huanguka. Hata mtoto wa chuoni anajua. Mfereji huu haukuanguka. Uliyameza maji, ukayapeleka yote Bonde la Fisi, na fisi wakahama bila kungoja amri. Shangamoyo ilipata matope ya kifundo cha mguu na ikapoteza kuku wachache. Hapana mtu aliyekufa. Bi Tausi alitoka majini mwisho, akimkokota Mfaume kwa ukosi, na Mfaume anakohoa na kulalamika kwamba hotuba hakuimaliza.

Jioni baraza likajaa. Nje alifungwa punda, mzigo wa Mfaume umekwisha kupakiwa: mkeka, chungu, na mabaki ya mzinga. Tarishi alisimama uwanjani akiutazama upande wa magharibi, maana ndiyo jioni ya kuandama mwezi. Ndani, Liwali alikuwa na kilemba mapajani. Kimoja.

"Anayedai na adai," alisema.

Mfaume akasimama, kiatu kimoja mguuni, kingine kimekwenda na mto.

"Bila mfereji wangu mngekuwa chakula cha kambare," alisema. "Mlinicheka nikichimba. Nani mwingine alishika jembe?"

"Uliuchimba ili utuue kwa kiu," alisema Liwali.

"Kwa kiu, ndiyo. Sikatai. Msinivishe kwa wema, nitakitupa. Nivisheni kwa kazi." Kisha akashusha sauti. "Nina kaburi la mama yangu mlimani, Bwana Liwali. Nani atalifagia?"

Liwali akauliza ni kwa nini mfereji haukuanguka. Wakaguzi wake, waliotumwa mchana na kurudi wakiwa na rangi ya ardhi, wakasema walikuta kuta zote zimeegemezwa boriti, na boriti zimefungwa fundo la wapiga mbizi. Macho yote yakamgeukia Shomari.

"Ni zangu," alisema Shomari. "Mfaume hulala alasiri. Akilala, naweka boriti. Zile kuta zilikuwa zinamwangukia."

"Ulijua mfereji ni wa kuuibia mji mto?"

"Nilijua."

"Ukamwambia nani?"

"Hapana aliyeniuliza."

Mfaume alimtazama Shomari kwa uchungu mkubwa. Kumbe hata kile kimoja kilichosimama, hakikusimama chenyewe. Lakini wazee wa mtoni walipiga mbao za baraza kwa fimbo. Shomari apewe, walisema. Mfereji bila boriti ni kaburi refu. Wengine wakasema anastahiki adhabu, maana aliimarisha njama ya adui kwa mikono yake, na maji yangekwenda shambani kama yalivyokusudiwa, wao leo wangekuwa na kiu.

Kidawa akasimama, shoka bado mkononi.

"Baba aliweka boriti kwa kumpenda mtani wake. Ami alichimba kwa kutuchukia. Mama aliruka kwa sababu moyo ulimvuta. Ni mimi peke yangu niliyechagua. Nilimwona Ami Mfaume, nikauona mji, nikashusha shoka. Maji yaligeuka kwa shoka hili. Na usiku nikilala ni mimi nitakayemwona akiinama. Nataka kiti barazani. Nimekinunua."

"Umesema kweli, mwanangu," alisema Mfaume, na sauti yake haikuwa ya Mwangamizi. "Ningekuwa wewe ningeshusha. Ningekosea lango, lakini ningeshusha."

Wanawake wa nyuma wakasema, na Bi Tausi je? Kama si yeye, mji ungeokoka na maiti mlangoni, na mji uliookoka kwa kumzamisha mtani wake utazikwa na nani? Wakajibiwa kutoka upande wa pili kwamba Bi Tausi aliitupa ngoma. Mfereji ungepasuka, watoto wa Shangamoyo wangekufa wamelala, kwa ajili ya joho moja bovu.

Bi Tausi hakudai, hakujitetea. Alikuwa anatazama mlangoni, anamtazama yule punda.

Liwali akashauriana na vitabu vyake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike, akashauriana na wazee. Wazee wakamwambia: kwa desturi ya Shangamoyo, kilemba cha mji hufungwa na mkono wa aliyetoka majini mwisho. Atamfunga amtakaye, hata nafsi yake, na haulizwi sababu. Liwali akauliza kama desturi hiyo imeandikwa. Wakasema haijaandikwa. Akafikiri kitambo, akainuka, akampa Bi Tausi kitambaa kwa mikono miwili.

Uwanjani tarishi akaita kwamba mwezi umeonekana.

Bi Tausi alikikunjua kilemba. Kilikuwa kirefu, lakini kilemba hakikatwi. Mbele yake walisimama watatu. Binti yake alikuwa ameweka shoka chini na kunyoosha shingo, kama mtu anayelipwa haki yake. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, na haikujulikana kama ni kwa kukitaka au kwa kukikataa. Mfaume alikuwa amevua kofia yake iliyolowa, ameishika kifuani, akamwambia polepole:

"Ukinifunga, mtani, ujue kesho naanza upya kuwaangamiza."

"Najua," alisema Bi Tausi.

Akainua mikono.

Na nyinyi mliokaa mkasikia, msimtazame msimuliaji, kilemba hakimo mkononi mwake. Yuko aliyechimba kwa ubaya, yuko aliyeegemeza kwa siri, yuko aliyevunja akijua, yuko aliyeiacha ngoma akaruka. Mwezi umeandama na punda anapiga kwato. Je, Bi Tausi alipaswa kukifunga kilemba kichwani mwa nani?