Kindi na Kurumbiza wa Masika

Paukwa!

Pakawa!

Sogea kidogo, Mbeyu, mwenzio naye apate moto.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na Kindi aliyeishi peke yake katika tundu la mvule. Kila masika alikuja Kurumbiza, ndege wa kuimba, akatua kwenye mvule ule. Alipoimba, Kindi alisahau upweke wake. Mvua zilipokatika, Kurumbiza alihama, na mti ukawa mkiwa.

Mwaka mmoja Kindi akasema moyoni, "Safari hii simwachi."

Mvua zilipopungua akamwambia, "Shoga, usiende. Lala kwangu, tunduni kuna joto."

Kurumbiza akaingia. Mle mlikuwa na giza, naye hakuimba. Kulipokucha akatoka. "Shoga yangu, gizani sauti hainitoki."

Kindi akafukua kokwa zake zote za akiba. "Shoga, usiende. Kula."

Kurumbiza akadonoa, akadonoa, kokwa hazikupasuka. "Wewe una meno. Mimi nala wadudu, na wadudu wamekwenda na mvua."

"Bibi, si angekufa njaa?"

Angekufa, Mbeyu. Na Kindi aliona, maana mifupa ya kifua ilikwisha kumtokeza mwenzake. Lakini moyo unaopenda hauambiliki.

Kurumbiza akaruka. Kindi akamfuata, tawi hadi tawi, mti hadi mti, akiita, "Shoga, usiende." Akafika mti wa mwisho. Mbele ni uwanda mtupu. Kurumbiza akarudi, akatua kando yake.

"Nikikaa nitakufa," akasema. "Nikienda utalia. Niambie wewe, nifanye lipi?"

Kindi akakitazama kifua cha mwenzake kilichokonda. "Nenda, mwenzangu. Ila niimbie kidogo kwanza."

Akamwimbia, akaenda zake. Kindi akabaki amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akitazama mpaka ndege akawa nukta, na nukta ikapotea.

"Alirudi, bibi?"

Masika yaliyofuata alikuja kurumbiza mdogo, akaimba wimbo uleule. "Mama alifia njiani," akasema. "Aliniagiza nitafute mvule wenye mtu wa kusikiliza."

Kindi akasogea, akampa nafasi kwenye tawi.

Basi wajukuu zangu, umpendaye usimfungie. Mwachie njia, hata kama moyo unauma. Hadithi yangu imekomea hapo. Atakayeikumbuka, ni yake.