Nukta Chini ya Saa Nne

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu yenye simu na setilaiti, palikuwa na kijiji kiitwacho Mghondi, juu milimani, kunakolimwa tangawizi. Mbele ya kijiji kilipita kijito. Nyuma ya kijiji ulisimama mlima. Mvua zikizidi, kijito kilifurika na mlima ulimeguka. Watu walijua kwamba utameguka. Wasilojua ni wapi.

Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza.

Palikuwa na bibi Nakijwa, mjane. Kwa miaka thelathini na mmoja alipima mvua kwa kopo la bati alilolisimika uani. Mvua ikianza, aliandika saa. Kijito kikijaa, aliandika saa. Watu walimtania, "Bibi, mvua yote hiyo umepima, mbona huipeleki sokoni?" Naye alijibu, "Nangoja bei ipande."

Palikuwa na Elinaja, kijana aliyesomea ramani mjini, akarudi kumtunza mama yake asiyeweza kutembea. Alirudi na kompyuta. Ndani yake mlikuwa na picha elfu sitini za mawingu zilizopigwa na setilaiti, na miinuko ya mlima, na aina za udongo, na kila paa la Mghondi. Nchi yote aliikata miraba midogo midogo, na kila mraba aliuuliza swali moja: hapa, mvua ikinyesha kiasi gani, ardhi huondoka?

Palikuwa na Namcheja, mama wa watoto wawili, mmoja bado wa mgongoni. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Namcheja aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wa bibi Nakijwa aliusoma kuliko mtu yeyote.

Elinaja alitaka kuingiza mvua za bibi kwenye kompyuta. Akamwambia Namcheja, "Dada, wewe soma, mimi nachapa. Nipe namba tu, mengine yatatuchelewesha."

Namcheja akasoma namba. Elinaja akachapa namba. Madaftari arobaini na manne, wiki saba.

Kompyuta ikalinganisha. Daftari likisema mvua, picha inasema hakuna wingu. Picha ikisema wingu, daftari linasema kukavu. Leo hivyo, kesho hivyo. Mwishowe kompyuta ikayaweka kando madaftari yote: haya hayaaminiki. Ramani ikatoka bila mvua za bibi, na bonde lote la kijito likawa kijani. Kijani maana yake salama.

Mwenyekiti wa kijiji, Mbonea, akafurahi. "Basi darasa jipya tunajenga hapa hapa kwenye kijani." Siku ile ile akapigilia vigingi vya kupimia, na mbuzi wake akamfunga kwenye kimojawapo.

Bibi Nakijwa alikwenda zake kusafisha kopo.

Lakini Namcheja hakutulia. Mtu aliyesoma madaftari arobaini na manne hawezi kuamini kwamba ni uongo mtupu. Akamfuata Elinaja.

"Kaka, nionyeshe siku moja tu ambayo bibi amedanganya."

Elinaja akafungua. "Hii hapa. Aprili tarehe kumi na tisa, miaka minane iliyopita. Bibi anasema mvua ilianza saa nne. Tazama picha ya saa nne. Hakuna wingu hata la kufutia machozi."

"Siku hiyo ndiyo niliyoolewa," alisema Namcheja. "Mvua ilizima moto wa pilau. Wageni walikula wali wenye moyo, haujaiva ndani, na mpaka leo wananisema."

"Saa ngapi ilizima?"

"Saa nne usiku, kama alivyoandika bibi."

"Mimi nimechapa nne, na picha ya nne ni hii."

"Hiyo picha yako, huko nje kumekucha?"

"Bado. Ni alfajiri."

Namcheja akamtazama. "Saa nne, alfajiri? Kaka Elinaja, alfajiri ni saa kumi."

Elinaja akatazama saa ya mkononi. Ilionyesha tano, naye tangu utoto, akiona tano jioni, husema saa kumi na moja. Kila mtu wa kwetu hugeuza saa kichwani bila kujijua. Kompyuta haigeuzi.

"Mashine yako ni mgeni," alisema Namcheja. "Mgeni akifika huambiwa saa za wenyeji. Wewe ulimwambia?"

Walikwenda wote wawili kwa bibi Nakijwa.

"Bibi, umeandika saa nne. Ni nne ya asubuhi au ya usiku?"

"Si nimeweka nukta?" alisema bibi. "Penye nukta chini ya namba ni usiku. Pasipo na nukta ni mchana."

Namcheja akafunika mdomo. "Bibi, mimi nilidhani ni uchafu wa inzi."

"Miaka thelathini na mmoja, inzi aje kulenga chini ya namba tu? Huyo si inzi, ni karani."

Wakarudia kazi yote. Namcheja alisoma namba na nukta, Elinaja akageuza saa, bibi akaketi kando akiwakumbusha pale wino ulipofifia. Kompyuta ikalinganisha upya. Daftari likisema mvua, picha inasema wingu. Ramani ikatoka mara ya pili, na bonde lote la kijito likawa jekundu. Nyumba zote za kijiji zilikuwa humo.

Mbonea alinung'unika, lakini alisimamisha ujenzi. Mwezi wa Novemba, wakati wa vuli, mlima ukameguka pale pale penye vigingi vya darasa. Ukachukua vigingi, ukachukua na yule mbuzi. Binadamu hakuguswa hata mmoja. Hapo kila mtu akaiamini ramani.

Sasa ramani hiyo hiyo ilionyesha mahali pamoja tu pa kijani: ukingo mwembamba juu ya kijiji. Kaya za Mghondi ni arobaini. Ukingo ulitoa viwanja thelathini na nane, na Elinaja mwenyewe alionya kwamba ukichimba kimoja zaidi, utauamsha mlima. Watu wakapiga kura ya vijiti. Kaya thelathini na saba zikapata viwanja thelathini na saba.

Kaya tatu hazikuwepo kwenye kura. Bibi Nakijwa, Elinaja na Namcheja walikuwa shambani na kamba, wakihakikisha mpaka wa wekundu ili wengine wajue pa kukimbilia.

Kikabaki kiwanja kimoja. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kukaa mlimani. Wawili watakaokosa itawabidi washuke tambarare kwa ndugu, waache mashamba, au walale kwenye wekundu.

Mbonea akawakusanya wote watatu mbele ya nyumba ya bibi, akafungua daftari la kijiji, akashika kalamu. "Semeni. Msipigane, nina mbuzi mmoja pungufu, sitaki kupungukiwa na mtu."

Bibi Nakijwa akasema, "Bila mvua yangu, ramani ingejua nini? Nikishuka tambarare, kopo litakaa kavu na hesabu itakatika."

Namcheja akasema, "Bibi, ile nukta ungemweleza mtu, tusingekosea."

Elinaja akasema, "Bila miraba yangu, mvua ya bibi ingebaki ndani ya sanduku. Na mama yangu hatembei. Mlima ukija, yeye hakimbii."

Bibi akasema, "Lakini ni wewe uliyeniita mwongo, mwanangu. Wewe na mashine yako."

Namcheja akasema, "Bila swali langu, ramani ingebaki kijani, na watoto wetu wangekuwa darasani siku ile ya mbuzi. Na mimi ninao wawili."

Elinaja akasema, "Nukta ulizipita wewe, dada. Zote."

"Uliniambia nisome namba tu."

Hakuna aliyekuwa na uongo, na hakuna aliyekuwa hana kosa. Mbonea aliinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena.

Ndipo kukasikika uani mwa bibi tone moja likigonga bati. Kisha la pili. Bibi Nakijwa hakugeuka. Alisema tu, "Namcheja, niandikie. Saa tisa, bila nukta."

Namcheja akaandika. Elinaja akaichapa, akaigeuza. Mbonea akabaki na ukurasa mweupe unaoanza kulowa.

Ninyi mnaonisikiliza, kalamu nawapa ninyi. Kabla karatasi haijalowa yote, kwenye kile kiwanja kimoja mngeandika jina la nani?