Ugonjwa wa Kutembea Kinyumenyume

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kuugua homa kama sisi, palikuwa na bonde lisilo na kitu cha kuwauzia majirani. Bonde la juu lilikuwa na chumvi. Bonde la chini lilikuwa na samaki. Hili la katikati lilikuwa na vumbi na maneno mengi.

Basi wakubwa wakakaa kikao. Tembo alikuwa mwenyekiti, Kiboko kulia kwake, Nyati karibu na mlango. Wakakaa mpaka makalio yakafa ganzi, kisha wakatoka na mpango. Walisema bonde lao litakuwa Nchi ya Tiba. Wataalamu watatoka mbali kuja kutafiti magonjwa na dawa mpya, na kila mwenyeji atapata kazi: wa kufagia atafagia, wa kupika atapika. Tembo akachora mpango wote ardhini kwa mkonga wake. Hapa wodi, hapa nyumba ya utafiti, pale mabanda ya wageni.

Na wakajenga kweli. Miarobaini yote ya vijijini Tembo aliing'oa, akaipanda upya ndani ya ua wa nyumba ya utafiti. Mzee Kobe, aliyekuwa akizunguka vijijini na kapu lake la dawa, naye akaingizwa ndani akapewa koti jeupe. Siku ya kufungua, bonde zima lilipiga vigelegele. Hata mimi ningepiga, msinicheke.

Aliyepiga kuliko wote ni Mama Tunu. Huyu alikuwa digidigi, mwembamba wa miguu na mwepesi wa akili, na kila mtu alimjua kwa ujanja. Aliwahi kumfanya Nyati amlimie shamba zima, mwenyewe Nyati akidhani yuko kwenye mashindano. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Tunu, na huyo Tunu ndiye aliyeshikwa na homa.

Ilikuwa homa ya kawaida, wanangu. Zamani mama yake angechuma majani ya mwarobaini kwa jirani, angeyachemsha, mtoto angekunywa huku amekunja uso, na asubuhi angeamka anadai uji. Sasa nje ya ule ua hapakuwa na mwarobaini hata mmoja. Akambeba mtoto mgongoni mpaka getini.

Nyati, aliyekuwa bawabu, akauliza mtoto anaumwa nini. Akaambiwa homa. Nyati akasikitika, maana hakuwa na roho mbaya, akaeleza kwamba homa haipokelewi hapa. Homa inajulikana, na hakuna mgeni atakayefunga safari kuja kutazama homa. Mpango unasema magonjwa yanayojulikana yatibiwe vijijini.

"Vijijini ametubakia nani, kaka Nyati? Mzee Kobe mmemchukua."

"Hilo nalo litapangwa," Nyati akasema. "Ungekuwa na ugonjwa mpya, shemeji, ungeingia sasa hivi."

Mama Tunu akageuka kurudi, machozi yanamlenga. Lakini kabla hajafika nyumbani akili yake ikaanza kuchemka. Akachota udongo mwekundu, akampaka mtoto madoa tumboni na masikioni. Akamfundisha kutembea kinyumenyume, kisha apige chafya, chya!, kisha akae chini pu! Tunu alikuwa anaungua kwa homa, lakini mchezo ule ulimfurahisha. Akaanguka, akacheka, akarudia.

"Wakikutazama usitembee mbele hata kidogo," mama akamwonya. "Watatufukuza. Utembee hivyohivyo mpaka mimi nikwambie basi."

"Hata nikichoka?"

"Hata ukichoka, mwanangu."

Walipofika getini Tunu akashuka mgongoni. Akarudi nyuma, chya!, pu! Nyati akatoa macho. Akamwita Kiboko, mkuu wa utafiti, naye akaja anahema, akamzunguka mtoto huku anaguna, akamwita Tembo. Tembo alipoona, alilia kwa furaha. Ugonjwa mpya, tena wa mwenyeji! Tunu akapewa kitanda na shuka safi. Mama akaambiwa abaki nje, kwa sababu haijulikani ugonjwa huo unaambukiza vipi.

Akakaa nje ya ua anacheka kimoyomoyo. Wakubwa wote amewapiga chenga. Ndani kuna Kobe, ndani kuna mwarobaini, mtoto atakunywa dawa.

Hakunywa. Kiboko alikataza asipewe dawa yoyote, maana ugonjwa ukivurugwa hautafitiki tena. Habari zikasambaa, wageni wakaanza kumiminika, Twiga na wenzake kutoka bonde la juu, Mamba na wenzake kutoka la chini. Mabanda yakajaa. Wapishi wakapata kazi, wafagiaji wakapata kazi. Mpango ulifanikiwa, sitawadanganya. Na kila wageni walipofika, Tunu alitolewa uani. Akarudi nyuma, akapiga chafya, akakaa, wakashangilia.

Mama alikuwa akichungulia kwenye nyufa za ua. Aliona miguu ya mtoto inatetemeka. Aliona udongo umepukutika wote, madoa hayapo tena, na hakuna aliyejali. Hapo ndipo moyo ulipompasuka. Akapita kati ya miguu ya Nyati, fyuu, akaenda kuanguka mbele ya Tembo.

"Mheshimiwa, nilidanganya. Ni homa tu. Ule ulikuwa udongo, na kutembea kule nilimfundisha mimi. Nifungeni, nifukuzeni, lakini mpeni majani ya mwarobaini. Yako hapo nyuma yako."

Tembo akaitazama miti. Akawatazama wapishi wanaochochea moto. Alimwamini, wanangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alimwamini kabisa.

"Mama Tunu," akasema kwa sauti ya chini, "ukilisema hilo watu wakasikia, sote tunarudi vumbini. Vumilia kidogo. Kuna wageni wako njiani. Wakishaondoka, tutampa."

Wageni wakaja, na Tunu akatolewa. Alikuwa anarudi nyuma polepole, kichwa kinaning'inia, na chafya ikawa haisikiki.

"Basi, Tunu!" mama akapiga kelele. "Basi! Tembea mbele, mwanangu, njoo kwangu."

Tunu akamsikia. Akainua uso, akamwona, akajaribu kutembea mbele. Miguu haikumbeba. Akaanguka palepale, na hakuinuka tena. Mzee Kobe akaja na majani ya mwarobaini mdomoni, akijikokota kwa kadiri alivyoweza, akakuta mtoto ameshakwenda.

Wageni wakauliza kama yuko mwingine mwenye ugonjwa ule. Tembo akawaambia wasubiri.

Kulipokucha, kina mama wa vijijini walikuwa wamejipanga getini, watoto wao wenye homa mgongoni, kila mtoto amepakwa udongo mwekundu kama Tunu siku ile, maana nje ya ua hapakuwa na dawa. Mama Tunu alikuwa katikati yao na kanga yake, anawafuta watoto udongo mmoja baada ya mwingine, akilia, akiwasihi warudi. Mama zao wakamsukuma pembeni wakapita.

Hadithi yangu inakomea hapo, na fundisho lake ni hili: nyumba inayoshiba kwa ugonjwa haitaki mgonjwa apone.