Mwenye Sufuria na Maswali Yake

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja mwenye sufuria kubwa, zile za kupikia pilau la harusi, nayo ilikuwa na jina la mwenyewe, limechorwa chini kwa msumari. Mtaa mzima uliiazima, lakini mama huyu alikuwa na maswali, jamani! Shughuli ya nani? Inakwenda nyumba ipi? Nani ataniletea? Ukijiumauma kujibu, unarudi mikono mitupu. Na ikichelewa, anaifuata mwenyewe, khanga kiunoni, mpaka jikoni kwako. Mnacheka kwa sababu mnamjua.

Mama huyu alikuwa akimlea binti wa marehemu dada yake. Asubuhi moja akaja mgeni, mwanamke nadhifu, ulimi asali, akamsalimu kwa kilugha cha kwao. Moyo wa mama ukayeyuka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema, akabandika chai.

"Nasikia una yatima," mgeni akasema. "Nipe nimpeleke mjini. Kazi nyepesi za ndani, na jioni atajifunza kushona."

"Mungu ndiye amekuleta, dada yangu."

Basi, yakaisha. Hakuuliza hata jina lake. Aliona haya: mtu amekuja kukusaidia, utamhoji kama askari? Binti akaambiwa afunge nguo zake.

Mara jirani akapiga hodi. "Shoga, naomba sufuria."

"Shughuli ya nani?" mama akaanza, kama kawaida yake. "Inakwenda nyumba ipi? Nani ataniletea?"

Binti alikuwa amesimama hapo na furushi lake. Akauliza taratibu, "Mama mdogo, na mimi nakwenda nyumba ipi?"

Mama aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Akamgeukia mgeni.

"Dada, samahani. Nyumba ipi? Ya nani? Na nani ataniletea mwanangu?"

"Jamani! Huniamini hata mimi mtu wa kwenu?"

"Huyu jirani yangu tunachangia ukuta, na nimemuuliza. Kunywa chai, kisha twende kwa mjumbe wa mtaa akufahamu."

Ghafla mgeni akakumbuka kwamba amesahau simu kwa bodaboda. Anaifuata mara moja, anarudi sasa hivi. Chai yake ilipoa, ikamwagwa.

Ndugu zangu, sisi tulidhani mwizi wa watoto ana mapembe? Anakuja na salamu za kwetu. Wakati mwingine ni shangazi, wakati mwingine anakaa nasi benchi moja hapa hapa. Methali imesema mgeni aje tupone; wapi imesema tusimuulize? Umaskini si kisingizio. Mwenye sufuria naye ni maskini, na kuuliza hakukumgharimu kitu. Tunajua kuuliza sisi! Tunauliza kila siku, kwa ajili ya sufuria.

Na wewe uliyekwisha kumtoa mtoto, akakae kwa "watu wazuri", usiinamishe kichwa. Sufuria ikichelewa huwa unafanyaje? Unaifuata. Basi ukitoka hapa, usiende kula kwanza. Piga simu. Omba kusikia sauti yake yeye, si ya bosi wake. Wakikwambia ametumwa sokoni, waambie utasubiri. Wakikwambia tena yuko sokoni, funga khanga kiunoni, pitia kwa mjumbe na polisi, mkamgongee mlango.