Kaa la Moto la Bibi Kabugho

Watoto, jongeeni!
— Tumejongea!
Nije na hadithi au nirudi nayo?
— Njoo nayo, tumekaa tunakungoja!

Hapo zamani za kale, mpaka ulikuwa ni milima mirefu yenye theluji. Ukoo huu huku, ukoo ule kule, na maji yote yameganda juu. Bibi Kabugho aliishi huku. Binti yake, Masika, aliolewa kule.

Habari ikaja: Masika amejifungua. Enzi hizo mtoto hakupewa jina mpaka aogeshwe kwa maji yaliyopashwa kwa moto wa jikoni kwa bibi yake. Kabugho akatia kaa la moto chunguni, akalifunika majivu, akapanda mlima.

Akafika kwenye matope. Pimbi akachungulia mwambani.

"Bibi, wapi?"

"Kwa Masika wangu. Amejifungua."

"Umebeba nini?"

"Moto wa jikoni kwangu."

"Nina baridi, bibi."

"Na manyoya yote hayo! Haya, ota."

Pimbi akaota, akamwonyesha pa kukanyaga.

Akafika msituni. Kinyonga akauliza yale yale, akajibiwa yale yale.

"Nina baridi, bibi."

"Ota, lakini fanya haraka, kama unaijua!"

Kinyonga akaota, akampa kijiti kikavu cha kulisha kaa.

Akafika juu kabisa, kaa limebaki kama punje ya mahindi.

"Bibi, wapi?" akauliza Theluji.

"Kwa Masika wangu. Amejifungua."

"Umebeba nini?"

"Moto wa jikoni kwangu."

"Nina baridi, bibi. Tangu nizaliwe, hakuna aliyeniuliza nimeamkaje."

Kabugho akasita. Kaa likizimika, mjukuu hana jina. Lakini moyo ukamlainika.

"Umeamkaje, mwanangu?" Akafunua chungu.

Theluji akaota, akalia kwa furaha. Machozi yakatiririka kuelekea chunguni.

"We! Utanizimia moto!"

Theluji akashtuka, akayagawa machozi, mengine huku, mengine kule, akamwachia bibi njia kavu katikati.

Kabugho akateremka. Masika alikuwa mlangoni na mtoto, mto mpya ukipita nyuma ya nyumba.

"Mama, maji yamekutangulia! Moto je?"

Kabugho akapuliza majivu. Jekundu! Mtoto akaogeshwa, akapewa jina, akapiga chafya.

Ndiyo maana hadi leo maji ya milima ile hushuka pande zote mbili, wala hayamuulizi mtu kwao wapi. Nanyi, mkiwa na moto, mwotesheni mwenzenu, hata kama ni kidogo.

Hadithi yangu imefika nyumbani. Sasa moto wetu ndio unaozimika. Nani analeta kuni?

Mbona kimya?